Wakipima Damu, Wapime na Darasa

Watu wa Musoma wamo katika vitabu vya sayansi ya urithi vinavyosomeshwa katika vyuo vikuu duniani kote, na wengi wao hawana habari. Katika miaka ya 1950 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alichunguza damu za watu wa Afrika Mashariki akiitafuta jeni ya selimundu, ule ugonjwa ambao wengi wetu huuita sikoseli. Mojawapo ya sehemu alizozichunguza ni Wilaya ya Musoma ya wakati ule, wilaya kubwa ambayo Butiama na Bunda zilikuwa ndani yake. Zilipimwa damu za watoto wachanga 287 na za watu wazima 654, na matokeo yakachapishwa mwaka 1956.

Hesabu zenyewe ni rahisi, na naomba msomaji azivumilie kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu yake. Kila mmoja wetu hurithi nakala mbili za jeni hiyo, moja kwa baba na moja kwa mama. Kati ya wale watoto wachanga 287, waliokuwa na nakala moja ya selimundu walikuwa 89, yaani asilimia 31. Kati ya watu wazima 654 walikuwa 249, yaani asilimia 38. Wenye nakala mbili, hao ndio wagonjwa, walikuwa 9 miongoni mwa wachanga, yaani 3 katika kila 100. Miongoni mwa watu wazima walikuwa 5 tu, ambao hawafiki hata 1 katika 100.

Maana yake ni nini? Watoto wenye nakala mbili wengi walikufa kabla ya kukua. Wenye nakala moja walipona kuliko hata wale wasiokuwa nayo kabisa, kwa sababu nakala moja humkinga mtoto asishikwe na malaria kali. Jeni ileile iliyokuwa ikiwaua wengine ilikuwa ikiwaokoa wengine. Na ilikuwa ikiokoa hapa tu, penye mbu wa ziwani. Mpeleke mwenye nakala hiyo moja London, mahali pasipo na malaria, na kinga yake haina kazi yoyote. Hilo ndilo somo ambalo damu ya Musoma iliufundisha ulimwengu: jeni haina thamani yake yenyewe, thamani yake hutokana na mahali inapoishi.

Nimeanza na damu hiyo kwa sababu nina ugomvi na fikra inayovuma siku hizi. Fikra hiyo inasema kwamba tukitaka kujua kwa nini watu hawalingani, kwa nini huyu amesoma na yule hakusoma, huyu tajiri na yule fukara, basi tutazame vinasaba vyao. Nasema kwamba wanaoileta fikra hiyo kwetu wamelisahau somo la Musoma, au hawakulisoma vizuri.

Tuwatendee haki kwanza. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, wanauchumi na wanasosholojia wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakifanya kazi na data za vinasaba vya watu kwa maelfu, na hatimaye kwa mamilioni. Wanazilinganisha sehemu ndogo ndogo za vinasaba na miaka ambayo kila mtu amekaa shuleni. Kila sehemu ina uzito mdogo kama punje ya ulezi, lakini wakizijumlisha zote wanapata alama moja kwa kila mtu. Utafiti wa mwaka 2018 ulihusisha watu milioni 1.1, na ule wa mwaka 2022 watu milioni 3. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, alama hiyo sasa inafuatana na takriban asilimia 12 hadi 16 ya tofauti zao za miaka ya masomo.

Wala wote wanaofanya kazi hii si watu wabaya. Mwaka 2021 mwanasaikolojia wa Marekani, Kathryn Paige Harden, alitoa kitabu kiitwacho The Genetic Lottery. Hoja yake ni kwamba hakuna mtu aliyechagua jeni zake. Aliyepata nzuri amebahatika tu, kama aliyeshinda bahati nasibu, na kwa hiyo ana deni kwa yule ambaye hakubahatika. Anasema pia kwamba wapenda usawa wakiikimbia sayansi hii, watawaachia wabaguzi wa rangi uwanja mzima. Hoja hiyo si ya kipuuzi, na mtu mwenye nia njema anaweza kuikubali.

Lakini nia njema haibadilishi hesabu. Alama ile ya mwaka 2018 ilipojaribiwa kwa Wamarekani weusi, nguvu yake ilishuka hadi chini ya asilimia 2. Hili si ajabu. Mwaka 2019 wataalamu walihesabu kwamba takriban asilimia 78 ya watu wote waliokuwa wameingizwa katika tafiti za aina hii duniani walikuwa na asili ya Ulaya, na Waafrika walikuwa kama asilimia 2. Watetezi wake hujibu haraka: basi na tukusanye damu za Waafrika nao wawemo. Wengi huona jibu hilo linatosha. Mimi naona hapo ndipo hatari inapoanzia kwetu, kwa sababu kasoro haiko katika uchache wa damu yetu tu. Iko katika swali lenyewe linaloulizwa.

Tujaribu kuliuliza swali hilo hapa Mara. Tuseme mtafiti amepita Butiama mwaka 1940 na mashine za leo, akapima vinasaba vya kila mtu na kuandika nani anajua kusoma. Angekuta nini? Bila shaka angekuta jeni za koo za watemi zinaandamana na kusoma na kuandika, kwa sababu shule za wakoloni zilikuwa chache na wana wa watemi walikuwa mbele katika kupewa nafasi. Angerudi kwao na kuandika kwamba ameiona jeni ya elimu kwa Wazanaki. Kumbe alichokiona ni sera ya serikali ya kikoloni ya kupokea wanafunzi, iliyoandikwa upya kwa lugha ya damu.

Naujua ubishi unaofuata, kwa maana nimeusikia sana Musoma, sokoni na katika vilinge vya kahawa: mbona Mwalimu Nyerere alikuwa na akili kuliko wote, je, si damu ya utemi? Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito na Mugaya Nyang'ombe. Alianza shule ya Mwisenge, hapo Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, na mwaka 1937 alikwenda Tabora. Sipingi kwamba alikuwa na akili ya pekee. Lakini Burito alikuwa na wake wengi na watoto wengi, na kila mmoja wao alichukua nusu ya damu ya baba yuleyule. Nafasi ya Mwisenge haikuwa ndani ya damu. Na je, ni watoto wangapi wa wachungaji wasio na utemi, wenye akili kama ile au kuizidi, waliokufa bila kuishika kalamu? Hao hawamo katika data ya mtu yeyote.

Wanasayansi wenyewe wameliona jambo hili walipoacha kulinganisha watu baki na kulinganisha ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Ndani ya nyumba moja, nguvu ya jeni juu ya masomo hupungua kwa karibu nusu. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kile kilichoitwa jeni kilikuwa ni nyumba: vitabu vya baba, chakula cha mama, mtaa waliokaa, desturi za wazazi. Mwaka 2018 watafiti wa Iceland walionyesha kwamba hata zile jeni za mzazi ambazo mtoto hakuzirithi kabisa zinaandamana na masomo yake. Jeni ambayo mtoto hana itamsaidiaje, kama si kwa kupitia malezi? Sisi tuliokulia katika miji ya wake wengi hatukuhitaji mashine kulijua hilo. Watoto wa baba mmoja waliokula vyungu tofauti hawakukua sawa.

Sasa nichukue mfano ulio wazi zaidi. Kwa miaka mingi, kitu kimoja cha kurithi kilitabiri nani angefika sekondari katika vijiji vya Mara kuliko alama yoyote ya Ulaya. Kitu hicho ni kromosomu Y, ile inayomfanya mtoto awe mvulana. Asiyekuwa nayo aliozwa, ng'ombe wakaja, na ng'ombe hao wakamwolea kaka yake mke au wakamlipia karo. Akipata mimba shuleni alifukuzwa. Je, kromosomu Y ni jeni ya elimu? Kwa hesabu za wenzetu ni jeni ya elimu kwelikweli, inatabiri vizuri na haikosei sana. Lakini kila mwenye macho anajua kwamba kilichomtoa msichana shuleni ni watu, tena ni sisi. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua aruhusiwe kurudi shuleni. Siku hiyo kromosomu Y ilipunguziwa nguvu kwa tangazo la waziri. Hebu nionyeshwe jeni nyingine inayopunguzwa nguvu kwa tangazo, nami nitaonyesha kwamba tangu mwanzo haikuwa jeni.

Tena turudi kwenye ile damu ya 1956. Mtoto mwenye nakala moja ya selimundu alikingwa na malaria kali. Mtoto asiyeugua sana hukosa siku chache za shule, na kichwa chake husalimika na degedege. Basi mtafiti akija kwenye kijiji cha pwani ya ziwa chenye mbu wengi na kisicho na vyandarua, haitashangaza akiikuta jeni ya selimundu inaandamana na kufaulu mitihani. Ataiita jeni ya akili. Kisha vyandarua vigawiwe, dawa zipatikane zahanati, mazalia ya mbu yafukiwe, na ile jeni ya akili itatoweka bila kiini kimoja cha damu kubadilika. Huu ndio ubaya wa alama inayojumlisha tu bila kueleza njia. Inakuambia nani amefika, haikuambii alipita wapi, wala nani alikuwa amefunga mlango.

Katika nchi hii tumekwisha kuifungua milango kwa mikono yetu na kuona kilichotokea. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Musoma na kuamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto apate elimu ya msingi. Ndilo Azimio la Musoma. Mwaka 1961 wanafunzi wa shule za msingi nchini hawakufika nusu milioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walizidi milioni tatu, na katika muda huo idadi ya watu nchini haikuongezeka hata mara mbili. Watu wazima nao walikaa madarasani jioni, hata ikawa mwaka 1986 serikali inahesabu kwamba tisa katika kila kumi wanajua kusoma na kuandika. Vinasaba vya Watanzania havibadiliki katika miaka kumi. Kilichobadilika ni uamuzi uliotoka katika kikao.

Sisemi kwamba UPE ilikuwa kamilifu. Walimu walitengenezwa harakaharaka, madawati hayakutosha, na baadaye karo zilirudi na watoto wakapungua. Lakini hata kupungua huko kunathibitisha nisemalo. Mwaka 2000 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa takriban milioni 4.4. Ada ikafutwa, na mwaka 2005 walikuwa zaidi ya milioni 7.5. Watoto zaidi ya milioni tatu hawakupata jeni mpya katika miaka mitano. Walifutiwa ada.

Wapo watakaosema kwamba naogopa kivuli, kwamba sayansi ya leo si ile ya zamani. Naomba wakumbuke jirani zetu. Mwaka 1933 iliundwa Nairobi jumuiya ya kile walichokiita uboreshaji wa mbari. Mmoja wa viongozi wake alikuwa H. L. Gordon, daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwenzake katika utafiti, F. W. Vint, alipima bongo za maiti za Waafrika na kutangaza kwamba zina upungufu. Hao hawakuwa waganga wa vichochoroni. Walikuwa na shahada, hadubini na majarida ya kisayansi. Na jibu walilolitoa liliwafaa sana wale waliotaka serikali isitumie fedha kujenga shule za Waafrika: kama ubongo wenyewe haukutosha, shule ya nini? Hesabu ya damu ikiwekwa mezani kwa mtu anayegawa fedha, haikosi kuwa kisingizio. Mtu huyo leo anaweza kuwa mweusi kama mimi, afisa wa wilaya au mfadhili mwenye tabasamu, na kisingizio kikawa kilekile.

Wala simwamini anayesema kwamba kuijua bahati mbaya ya mtu katika damu kutatufanya tumhurumie. Tunalo jibu la hilo katika Kanda yetu ya Ziwa. Mtoto mwenye ualbino amezaliwa na jeni inayojulikana wazi, na hakuna aliyemfundisha jirani yake kwamba hiyo ni bahati mbaya isiyo na kosa. Jeni hiyo humfanya asione vizuri ubaoni na aungue juani. Haimfanyi mbumbumbu. Anachohitaji ni miwani, kofia, mafuta ya kujikinga na jua na kiti cha mbele darasani. Tuliyompa, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, ni panga. Jeni kujulikana ni jambo moja, na watu kutenda haki ni jambo jingine kabisa. La pili halitokani na la kwanza.

Je, basi data za vinasaba zisitumike kabisa katika kuuchunguza ukosefu wa usawa? La, hasha. Zitumike pale ambapo njia inajulikana na dawa ipo. Na hapa Musoma ina deni la kudai. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka Tanzania. Utafiti uliofanywa Bugando na kuchapishwa mwaka 2018, juu ya watoto wachanga wa kanda hizi za kaskazini-magharibi, ulikuta mmoja katika kila watano ana nakala moja, na zaidi kidogo ya 1 katika kila 100 ana ugonjwa wenyewe. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulioonyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu, malaria na vifo kwa watoto wa Kiafrika wenye selimundu. Hii ndiyo jeni inayozaa umaskini kwelikweli: mtoto halali, mama haendi shamba, baba anauza ng'ombe, masomo yanakatika. Tuliijua jeni hii kabla ya nyingine zote, kwa damu yetu wenyewe. Lakini miaka sabini baadaye, kupimwa selimundu mara tu baada ya kuzaliwa bado si haki ya kila mtoto wa Kitanzania popote alipo. Damu ilitoka ikajaza vitabu, na faida yake inarudi kijijini kwa mwendo wa kobe.

Kwa hiyo ninayo masharti, na natamani kila halmashauri ya mkoa huu iyaweke mbele ya mtafiti yeyote atakayekuja na vichupa vyake vya mate. Nchi ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu mwaka 2022, lakini sheria hizo hazitaulizwa na mtu asiyejua kwamba zipo. Sharti la kwanza, anayepima damu ya mtoto apime pia darasa lake: wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja, anatembea kilomita ngapi, amekula nini asubuhi, amelala ndani ya chandarua au la. Asipovipima hivyo, asiruhusiwe kutamka neno akili. La pili, kabla hajachukua chochote aseme ni kitu gani kitabadilika kijijini endapo atapata jibu. Kama hakuna kitakachobadilika, aende na vichupa vyake. La tatu, matokeo yasomwe kwanza kwa Kiswahili mbele ya wenye damu, Butiama kwa Butiama na Bunda kwa Bunda, kabla hayajasomwa kwenye mkutano wa wataalamu ng'ambo.

Nitaambiwa kwamba masharti hayo ni magumu na yatawafukuza watafiti. Hayatamfukuza yule anayetafuta dawa ya selimundu, kwa sababu huyo tayari anajua njia na anajua kitakachobadilika. Atakayefukuzwa ni yule aliyekuja kutuambia kwa nini sisi ni maskini bila kutazama barabara, zahanati wala shule. Wa namna hiyo tulikuwa naye miaka ya 1930, na aliyoyaacha hayakumsomesha mtoto hata mmoja.